Habakuki Hanunui Vitabu

Kitanda chetu hapa Kibiti kimepanda. Si kwamba nimenunua godoro. Chini yake kuna maboksi manne ya Utenzi wa Yona, mtunzi ni mimi, na boksi moja limezidi kimo cha chaga. Mama watoto ndiye anayelala upande wa boksi hilo. Kila alfajiri anaamka kashika kiuno, ananiuliza kama nabii kapata mnunuzi.

Hesabu ni hii. Nilichapisha nakala 200. Sita zimeuzwa, na kati ya hizo sita mbili nilinunua mwenyewe siku ya uzinduzi, watu waone kuwa kitabu kinanunuliwa. Ishirini na tatu zimekwenda kama “nakala za baraka”, jina ambalo ndugu katika Bwana wamekipa kitabu cha bure. Moja ina habari yake, nitaifikia. Zilizobaki 170 ndizo tunazolalia.

Wala sisemi kwamba sitiwi moyo. Natiwa moyo mpaka unamwagika. Tangu kitabu kitoke sijavuka uwanja wa kanisa bila mtu kunishika mkono kwa mikono yake miwili, kufumba macho na kunipa Habakuki sura ya pili mstari wa pili, pale nabii anapoagizwa kuiandika njozi wazi kwenye vibao. Mchungaji amenipa Habakuki. Mwenyekiti wa kwaya amenipa Habakuki. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alinipa Habakuki kwa simu saa tano usiku, akaongeza kuwa ameoneshwa vitabu vyangu vikivuka bahari. Nikamwambia vianze kwanza kuvuka barabara ya Kilwa, ng'ambo ndiko ilipo stendi. Akasema, “Ubarikiwe mtumishi,” akakata.

Mstari huo sasa naujua kama jina la baba yangu, na nimeuchungulia kila pembe. Kuandika kumo. Kusoma kumo. Kununua hakumo. Halafu Habakuki mwenzetu aliandika kwenye kibao, na kibao hakiombwi bure na mtu aliyekuja ibadani kwa bodaboda.

Stendi nimejaribu. Mabasi ya Lindi, Mtwara na Masasi yakisimama hapa yanasimama kwa dakika chache tu, na vijana wanayavamia madirishani na korosho, machungwa, maji ya chupa. Mimi nikayavamia na Yona. Kwa kuwa nilikuwa nimekifunga kwenye nailoni kisichafuke, abiria wa kwanza aliniuliza kama zimekaangwa kwa chumvi. Wa pili, mama wa makamo mwenye Biblia mkobani kabisa, alikipokea, akasoma nyuma ya jalada, akauliza kama kina hatua za kufanikiwa. Nikamwambia kina mtu aliyetapikwa ufukweni. Basi likaondoka; kitabu kilirudi kwa kutupiwa, nashukuru dirisha lilikuwa wazi.

Jioni nilimsimulia mtumishi mmoja ninayemheshimu. Alinisikiliza kwa huruma, akanishauri toleo la pili liitwe Hatua Saba za Kutoka Tumboni.

Mwezi uliopita nikatumwa kusimamia mtihani katika shule moja ya visiwani, huko deltani. Mie ni Mgogo. Kwetu maji ni kitu cha kusubiri mawinguni, si cha kupanda juu yake. Unapita Bungu, unashika njia ya Nyamisati, na pale Nyamisati nchi inakwisha, unakabidhi roho yako kwa mtu mwenye upondo. Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji ndio mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, na ukiwa ndani yake hakuna namna ya kujua umefika sehemu gani ya huo ukubwa. Kila kona mkandaa, kila kona tope. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humuhumu mwaka 1914 Waingereza wakahangaika kuitafuta, na hata walipojua iliko haikuisha mpaka Julai 1915. Kwa hiyo Yona hakuwa peke yake katika fani ya kukimbilia chomboni ili asionekane.

Nahodha wangu alikuwa mzee wa Kindengereko, msuli na kofia, maneno machache. Nilikuwa nimechelewa kidogo pale Nyamisati kwa ajili ya chai na chapati.

“Maji hayamngoji mwalimu,” alisema nilipompa shikamoo, kabla hata ya marahaba.

Nikadhani ni methali. Kumbe ilikuwa taarifa. Tuliingia kijito cha kukatia njia, maji yakaanza kupwa, yakapwa, na mtumbwi ukakaa juu ya tope kama kuku wa kuatamia. Mzee akalaza upondo, akakunja miguu.

“Mpaka lini, babu?”

“Mpaka yajae.”

“Yanajaa saa ngapi?”

“Yakishamaliza kupwa.”

Tulingoja kwa muda wa saa sita hivi. Kaa koko walitoka mashimoni kututazama. Mbu nao wakaja, hawakuja kutazama. Na hapo ndipo nilipotambua neema iliyokuwa mbele yangu. Tangu nianze kuandika, hii ilikuwa mara ya kwanza kupata msomaji asiyeweza kukimbia.

Nikatoa kitabu. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vikitembea. Nikafikiri anavuta tasbihi kunikinga. Nilipofika ubeti wa hamsini na kitu, samaki anamtema nabii, nikasoma kwa madaha: Yona kashuka pwani. Mzee akainua kidole kimoja.

“Hapo pamezama.”

“Pamezama nini?”

“Mizani. Yo-na-ka-shu-ka-pwa-ni. Saba. Utenzi ni nane. Umemshusha mtu, mguu mmoja umebaki tumboni.”

Nikahesabu. Saba. Nikahesabu tena kwa mkono wa pili. Saba. Kitabu hiki kimepitiwa na mchungaji, kikaombewa na vikundi viwili, kikawekewa mikono mbele ya usharika, nakala ishirini na tatu zimetoka kwa baraka, na hakuna mtu hata mmoja aliyesema saba. (Nashukuru sikugusa Isaya, ambako kuna mtoto anaitwa Maher-shalal-hash-bazi. Jina lake tu linamaliza mstari na kuomba nafasi kwa jirani.)

“Mtu mwenyewe ni Yunusi,” mzee akaendelea, bila haraka, haraka ya nini. “Mweke Yunusi. Yu-nu-si-ka-shu-ka-pwa-ni. Imekaa.”

Imekaa kweli. Lakini nikamwona mwenyekiti wa kwaya akifungua ukurasa huo. Nikamweleza mzee kwamba nikimpeleka Yunusi kanisani, watasema nimesilimu katikati ya ubeti.

Akafikiri. Akaua mbu. “Basi mwache na Yona wake. Ila asishuke. Ashukie. Yona kashukia pwani.”

Nane. Herufi moja, i, nayo imeniponyoka miaka miwili mezani; mzee ameipata akiwa juu ya tope.

Tukahamia kwenye samaki, na hapo nilipoteza heshima yote iliyobaki. Aliniuliza ni samaki gani. Nikasema Maandiko yanasema samaki mkubwa. Akanitazama kama fundi aliyeambiwa alete “chuma kirefu”. Papa hawezi, alisema, papa angemkata vipande, angetoka nusu nabii. Potwe, wale wanaoonekana kule Kilindoni, wana mdomo kama mlango wa duka lakini hawana habari na mtu. Mwenye tabia ya kumeza kitu kizima bila kutafuna ni chewa, na chewa mkubwa anakaa pangoni kama mzee wa baraza. “Andika chewa.” Kisha akageuza kitabu aone jalada.

Nilikuwa nimeomba asilione. Mchapaji wangu wa Dar, ambaye simtaji kwa sababu bado tunadaiana, nilimwagiza samaki mkubwa wa kutisha. Akaniwekea pomboo. Pomboo anaruka, anatabasamu, nyuma yake jua linatua. Mzee alicheka mpaka mtumbwi ukaanza kuchimba tope.

Usiku ule, nimelala nyumba ya walimu kisiwani, sikupata usingizi kwa aibu, na nikajifariji kwa Mgogo mwenzangu. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917 kulekule Ugogo, Mkatoliki, aliingia kwenye utenzi, nyumba iliyojengwa na masheikh wa pwani, akavua viatu, akajifunza taratibu za humo, kisha akaiweka Injili yote kwenye mizani: Utenzi wa Enjili Takatifu, 1963. Miaka miwili baadaye akatoa Utenzi wa Zaburi. Zaburi ziko 150, jamani, na mimi Yona ana sura nne tu nimemshusha kwa mguu mmoja. Vitabu hivyo vilichapwa Ndanda, kwa wamisionari, na mabasi ya Masasi yanayonitupia kitabu hapa stendi yanapita Ndanda hiyohiyo. Enzi zile Rufiji ilikuwa haijapata Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Watu walivuka kwa kivuko, na masika ikikaza Kusini ilikuwa peke yake. Najiuliza maboksi ya Mnyampala yalivukaje, na yalilalia wapi.

Na yule Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Mombasa 1844? Alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka uleule, na aliyemsaidia ni kadhi wa mji. Mzee wangu basi hakuwa wa kwanza. Mwezi Julai, kabla Krapf hajazoea hata hewa, alimzika mke wake na mtoto mchanga, akarudi mezani. Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu nikaacha kulalamika kwa muda wa kama dakika kumi, ambao kwangu ni mrefu.

Niliporudi Kibiti nikavuta boksi la kwanza kutoka chini ya kitanda, nikachukua kalamu nyeusi, nikaanza kuchomeka i. Kashuka, kashukia. Kashuka, kashukia. Nikafika nakala ya arobaini, kidole kinavimba, nikamkumbuka Baruku, karani wa Yeremia. Aliandika gombo zima kwa wino, mfalme Yehoyakimu akasomewa kurasa tatu nne, akazikata kwa kisu na kutupa motoni mpaka gombo likaisha. Yeremia akasema sawa, tuanze upya, akaongezea na mengine. Hakuna mahali anapoulizwa Baruku kama vidole vinamuuma. Lakini tuseme ukweli, mfalme yule angalau alisikiliza kurasa tatu. Yule mama wa basi aliishia nyuma ya jalada.

Mama watoto akaja na taa. Akatazama ninachofanya, hakusema kitu, akavuta kiti na kalamu ya mwanetu ya shule. Alitia i sitini na tano usiku ule. Nyingine zimekaa kama alama ya mshangao, nimeziacha.

Sasa ile nakala moja. Siku ile maji yalipojaa na mzee kunifikisha kisiwani, nauli ilikuwa shilingi 5,000, na mfukoni nilikuwa na noti moja ya 10,000 ambayo nilikuwa na mipango nayo. Nikampa kitabu. Nikamwambia kwa uchangamfu, “Babu, bei yake 4,000, ile elfu moja iwe ya wino.” Alikitia kwenye mfuko wa rambo, akamtazama tena yule pomboo, akasukuma mtumbwi. Nami nikapanda ngazi za shule nikijisifu: nakala moja imetoka, na haikutoka kwa baraka.

Ijumaa iliyopita kijana mmoja alinitafuta stendi akiwa na kapu la kaa koko waliofungwa kwa ukindu, wazima, wanatoa povu.

“Wewe ndiye mwalimu wa Yunusi?”

Nikakiri.

“Babu anakusalimu. Kitabu amekimaliza chote. Makosa ni kumi na moja,” akafungua vidole, “lakini amesema atakutajia mwenyewe ukipita. Ila kuna ubeti mmoja, wa tisa, amesema huo hauna kosa. Mizani imekaa, kina kimekaa, maana imekaa. Amerudia mara mbili nisisahau kukwambia.”

Ubeti wa tisa naujua kwa moyo. Ni pale Yona anapofika Yafa, anaona jahazi la Tarshishi, anataka kumkimbia Mungu aliyezitengeneza pande zote. Mstari wake wa mwisho nilioujenga kwa jasho unasema: Nauli akailipa.

“Kaa ni 15,000,” akasema kijana, ameshika kapu kwa mikono miwili. “Na ile nyingine 5,000.”