Naomba Mnipatie Ugonjwa

Mkazi wa White Oak,
Silver Spring, Maryland.
Septemba 2025

Kamishna,
Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA),
10903 New Hampshire Avenue,
Silver Spring, Maryland.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA MGONJWA ILI NIPATE CHANJO YA NYONGEZA

Mheshimiwa Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni jirani yako. Makao yenu ya White Oak, pale ambapo zamani Jeshi la Majini lilikuwa likitafiti silaha, nayapita nikienda kazini. Kazi yangu ni kuhudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza usiku. Ndugu zetu walioko nyumbani Tanzania huiita kazi hii kubeba boksi, ingawa sijawahi kuona boksi linalohitaji kugeuzwa ili lisipate vidonda vya mgongo.

Nina miaka arobaini na ushei, na kwa masikitiko makubwa nakuarifu kwamba mimi ni mzima wa afya. Sukari iko sawa, presha iko sawa, moyo unadunda unavyotakiwa. Nimejitahidi kujitafutia kasoro nimekosa. Na kwa kuwa tarehe 27 Agosti 2025 mliidhinisha chanjo mpya za korona kwa wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, na kwa walio chini ya hapo mkaweka sharti la kuwa na walau hali moja ya kiafya inayoongeza hatari, uzima wangu umekuwa kikwazo. Ndiyo maana nakuja kwenu kwa unyenyekevu: naomba mnipatie ugonjwa.

Sitaki ugonjwa mkubwa. Nimeisoma orodha ya hali hizo iliyochapishwa pamoja na makala yenu ya mwezi Mei katika jarida la New England Journal of Medicine, na nimeona mna ukarimu wa kutosha. Kuna saratani, figo na moyo, sawa. Lakini pia kuna pumu, unene, sonona, uvutaji wa sigara wa sasa au wa zamani, na, nashukuru kwa kutusaidia wanyonge, kutofanya mazoezi. Wenyewe mmekadiria kwamba Wamarekani kati ya milioni 100 na milioni 200 wana sifa za kupata chanjo. Makadirio yanayoacha nafasi ya watu milioni mia katikati ni makadirio ya watu wakarimu kweli.

Tatizo langu liko hapo kwenye mazoezi. Anayekaa kwenye foleni ya magari ya Barabara ya 495 asubuhi na jioni, na kati ya foleni hizo akakaa kwenye kiti cha ofisi, huyo sindano yake ipo. Mimi ninayewanyanyua wazee wawili kabla sijanywa chai, kazi imenifanya mkakamavu, na ukakamavu umeniondoa kwenye orodha. Kwamba wazee hao wananipumulia usoni nami nawapumulia wao, hilo halimo popote.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, Mheshimiwa, kwa sababu mwaka 2021 kazi hii hii ndiyo iliyokuwa tiketi yangu.

Naomba nikukumbushe, si kwa ubaya. Tarehe 18 Agosti 2021 serikali ilitangaza kwamba watu wazima wote wangepewa dozi ya nyongeza kuanzia wiki ya tarehe 20 Septemba. Kaimu kamishna wa wakati huo, Janet Woodcock, alikuwa miongoni mwa waliotia saini. Tarehe ilikuwa imeshapangwa. Kilichobaki ni FDA kukagua kama sindano yenyewe inahitajika. Wiki mbili hivi baadaye ikajulikana kwamba wakuu wawili wa ofisi yenu ya chanjo, Marion Gruber na Philip Krause, wanaondoka. Tarehe 13 Septemba majina yao yakaonekana kwenye makala ya jarida la The Lancet, wao na wenzao wakisema kwamba ushahidi wa wakati ule haukuonyesha haja ya kuwaongezea dozi watu wote.

Tarehe 17 Septemba Kamati yenu ya Ushauri ya Chanjo ikakaa kutwa nzima, hadharani, kila mwenye intaneti akitazama. Waisraeli wakaleta takwimu zao. Wajumbe wakauliza habari za vijana wa kiume na uvimbe wa misuli ya moyo, wakauliza kama dozi mbili bado zinazuia watu kulazwa. Kisha wakapiga kura: 16 kwa 2 wakakataa nyongeza kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi, halafu wote 18 wakaikubali kwa wazee na walio hatarini. Nakiri nilifurahi. Niliona watu wazima wakibishana kwa hoja mbele ya umma, na mwisho wakatofautisha bibi wa miaka 80 na mjukuu wake wa miaka 20.

Mkaidhinisha hivyo tarehe 22, mkiongeza na sisi tunaokutana na virusi kazini. Kesho yake washauri wa wenzenu wa CDC, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, wakatutoa, kura 9 kwa 6. Usiku huo huo, kuamkia tarehe 24, mkurugenzi wa CDC, Rochelle Walensky, akaturudisha. Nililala nikiwa sistahili, nikaamka nastahili, na mwilini sikuhisi tofauti yoyote. Tarehe 19 Novemba mkafungua mlango kwa kila mtu mzima, safari hii bila kuisumbua kamati.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu akisema manne ndani ya miezi mitatu, tuvunjike guu lipi?

Wakati huo, Tanzania ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, siku chache baada ya shehena ya kwanza kufika: dozi za Johnson & Johnson zaidi kidogo ya milioni moja, kwa nchi ya watu wapatao milioni 60. Tedros, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alikuwa ameziomba nchi tajiri zisubiri kwanza na nyongeza. Katikati ya Septemba ile, Waafrika waliokamilisha chanjo hawakufika wanne katika kila mia. Shangazi yangu aliposikia kwamba huku tunajadili sindano ya tatu, aliniuliza, "Mwanangu, hizo mbili zilikuwa na kasoro gani?" Nilimwambia swali hilo liko kwenye kamati.

Kamati yenyewe nayo ilikuwa na subira. Tarehe 29 Machi 2022 mliidhinisha nyongeza ya pili kwa wenye miaka 50 na kuendelea. Wajumbe wakaitwa kujadili habari za nyongeza tarehe 6 Aprili. Kwetu mahari hujadiliwa kabla ya harusi, lakini kila nchi na mila zake. Tarehe 31 Agosti mwaka huo mkapitisha chanjo iliyolenga aina mpya za kirusi, BA.4 na BA.5. Toleo la kabla yake, la BA.1, lilikuwa limejaribiwa kwa watu. Kwa hili jipya, Pfizer ilikuwa imeileta kamati matokeo ya panya wanane. Siwadharau panya. Wao angalau waliulizwa mapema.

Sasa uongozi umebadilika, na mwelekeo umegeuka. Zamani ilikuwa wote wapewe. Leo ni wazima wasubiri hadi majaribio yafanyike. Kudai majaribio ni jambo jema, na sina ugomvi nalo. Lingekuwa jema zaidi mwaka 2021. Ila utaratibu nimeutambua mara moja. Sera mpya ilitangazwa tarehe 20 Mei 2025. Kamati ilikutana tarehe 22 Mei, na ikaulizwa aina ya kirusi cha kuwekwa kwenye chanjo. Suala la nani apewe lilikuwa limekwisha. Serikali mbili, ya wakati ule na ya sasa, zisizokubaliana hata juu ya hali ya hewa zimekubaliana juu ya jambo hili moja: jibu hutangulia, swali hufuata.

Mheshimiwa, huenda mtu mzima mwenye afya kweli hahitaji sindano nyingine. Huenda anayemlisha mzee wa miaka 90 anaihitaji. Mimi si daktari, na jibu lolote kati ya hayo nitalipokea nikioneshwa mlivyolifikia. Kwa hiyo naomba:

(a) Kamati iitwe kabla ya tangazo, na iulizwe swali lenyewe.

(b) Mkienda kinyume na kura yake, sababu ziandikwe kwa lugha ambayo mhudumu wa wazee anaweza kuisoma akiwa kwenye basi.

(c) Pale ushahidi unapokosekana, neno "hatujui" litumike. Halina madhara yaliyothibitishwa.

(d) Ikiwa (a) hadi (c) ni mazito, basi nipewe sonona. Naamini kwa kufuatilia maamuzi yenu nimefikia nusu ya njia.

Wako mtiifu,
Jirani, mzima wa afya hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Nakala:
Panya wanane – kwa ushauri.
Kamati ya Ushauri ya Chanjo – kwa taarifa tu, baada ya uamuzi, kama kawaida.