Namna ya Kuvuka Ikweta Kibaharia, Ukitokea Nakuru

Wanaozunguka dunia kwa mashua ya tanga huuza nyumba, huaga wazazi na kutapika miezi mizima, wakiingojea siku ya kuvuka Ikweta. Kwa anayetaka rekodi, si hiari. Baraza linaloidhinisha rekodi za matanga linadai uondoke mahali na urudi papo hapo, ukate longitudo zote, uvuke Ikweta, na upite angalau maili 21,600 za baharini, yaani kama kilomita 40,000. Mkazi wa Nakuru anaishi mita 1,850 hivi juu ya bahari, lakini Ikweta iko karibu: inapita Mogotio, mwendo wa kilomita 40 hivi. Kilichokosekana ni bahari tu, na hilo lisikuzuie.

1. Chagua chombo. Usihangaikie mashua. Wakazi wa Kihoto, Naivasha, waliipata mlangoni mwaka 2025, ziwa lilipowafuata hadi sebuleni. Hakuna aliyewapigia makofi wala kuwapa cheti. Ubaharia unaosifiwa ni ule wa kujitakia. Wewe panda matatu ya Marigat inayopita Mogotio.

2. Vumilia shuwari. Karibu na Ikweta pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa ikapanda juu, tanga likalala. Mabaharia wamekwama huko siku nyingi. Wewe shuwari yako utaikuta steji, kabla ya kung'oa nanga: manamba anaapa kwamba amebakiza mmoja tu. Ukishakaa, wanne uliowakuta ndani watashuka. Walikuwa chambo.

3. Soma njia. Nahodha ana nyota. Wewe iache kreta ya Menengai mkono wa kulia, pita Kabarak, joto likipanda na mashamba ya mkonge yakitokea, umekaribia. Uamkie mkonge kwa heshima. Kamba zake zimefunga vyombo vingi vya baharini, kwa hiyo Mogotio imesafiri kuliko wewe.

4. Kubali kubatizwa. Katika meli, anayevuka mara ya kwanza hupelekwa mbele ya baharia aliyejifanya Neptune, mfalme wa bahari. Tarehe 17 Februari 1832, mwanasayansi Charles Darwin, akiwa ndani ya meli ya Beagle, alifungwa macho, akapakwa lami na rangi usoni, akakwanguliwa kwa kipande cha chuma, kisha akatoswa majini. Mogotio ni kukavu: kabla ya kuomba umwagiwe ndoo nzima, uliza bei ya maji.

5. Lipia sayansi. Huenda ukakutana na mtu mwenye beseni lenye tundu na kijiti, kama wale wa Nanyuki. Atakuonyesha maji yakizunguka hivi upande wa kaskazini, na vile upande wa kusini. Mzunguko wa dunia hupinda vimbunga, lakini kwa beseni nguvu yake ni kama haipo. Kinachoyazungusha yale maji ni namna anavyoyamimina. Usimbishie. Wanasayansi hawatoi cheti, yeye anatoa.

6. Vunja rekodi. Simama wima mstarini, usifanye lolote. Hapo dunia inakubeba kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na kufikia kesho wakati kama huu utakuwa umezungushwa kilomita 40,075. Hakuna tanga lililowahi kufika kasi hiyo. Mbuzi wa Mogotio wanayo rekodi hiyohiyo, ila wao hawajaitangaza.

7. Rudi ulikotoka, maana sheria ni sheria. Kurudi si jambo dogo: msafara wa baharia Magellan uliondoka Hispania mwaka 1519 ukiwa na watu zaidi ya 200. Yeye mwenyewe aliuawa Ufilipino mwaka 1521, na Juan Sebastián Elcano akaifikisha nyumbani meli ya Victoria mwaka 1522 ikiwa na watu 18. Wewe ulitoka Nakuru katika matatu ya abiria 14. Jioni itarudi na 18 vilevile, wote wazima, na makanga angali anaita wengine.