Wapimaji wa Mifupa

Wasaka vipaji wa NBA hawana mchezo. Kijana wa chuo akifika Chicago hupimwa kimo bila viatu, urefu wa mikono ikinyooshwa, upana wa kiganja, hata mruko. Fundi wa suti ya bwana harusi hachukui vipimo vingi hivyo.

Mwaka 2009 utaalamu huo ulichanua kwenye drafti, ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Memphis, wenye nafasi ya pili, walimchukua Mtanzania wetu Hasheem Thabeet kutoka Connecticut, na tusiwaonee: urefu walioutaka waliupata wote. James Harden akawa wa tatu. Minnesota, wenye nafasi ya tano na ya sita, wakachagua wagawa mipira wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, labda mmoja asije akaona upweke.

Wa saba, kwenda Golden State, alikuwa Stephen Curry wa chuo cha Davidson. Si kwamba hawakumjua. Msimu ule ndiye aliyeongoza kwa ufungaji Divisheni ya Kwanza ya vyuo vya Marekani, wastani wa pointi 28.6 kwa mchezo. Ila alikuwa mwembamba, jamani.