Mchango wa Kujitolea

Mchango wa harusi naujua. Wa msiba hauombwi hata kuombwa, mkono unaingia mfukoni wenyewe. Kipaimara, ubarikio, sendofu, yote nimechanga, na kadi zake zimejaa kabatini mpaka mke wangu anauliza tunazifuga za nini. Sasa nimeunganishwa kwenye kundi la WhatsApp lenye mwenyekiti, mweka hazina na tarehe ya mwisho ya ahadi, na jina lake ni "Mchango wa Kujitolea".

Anayechangiwa ni mpwa wangu. Amesoma mambo ya wanyamapori, akahitimu, akajitolea kwenye ofisi moja hapa Babati kama vijana wenzake wote, maana yake akawa anafagia, anachapa barua na kupanga foleni ya watu kwa nauli ya mama yake. Hilo tulilizoea. Jipya ni kwamba kuna watafiti wanaokuja kuhesabu wanyama upande wa Tarangire, na wanapokea watu wa kujitolea ambao wanalipa.

"Wanakulipa," nilimsahihisha.

"Hapana, anko. Mimi ndiye nalipa."

"Kwa kazi gani?"

"Kuhesabu twiga. Na kupima kinyesi cha tembo."

"Na kula?"

"Kumo ndani ya ada, anko. Na sisi wenyeji tuna punguzo."

Nilidhani mtoto katapeliwa, nikaenda kuulizia. Kumbe biashara ni ya zamani na ni halali kabisa. Shirika la Earthwatch lilianzia Boston, Marekani, mwaka 1971, na kazi yake ni hiyohiyo: mtu anachukua likizo, anatoa fedha zake, anakwenda kumbebea mtafiti daftari. Safari zake nyingi hupita dola 2,000 kwa kichwa, na ndege ujikatie mwenyewe. Hapo Kenya, jirani na Tsavo, wageni wake wamekuwa wakilipa ili wakaangalie ni uzio upi unamzuia tembo asiingie kwenye mahindi. Nirudie, maana mke wangu naye aliniomba nirudie: wanalipa ili waangalie tembo asile mahindi.

Gari la watafiti hao wa kwetu lilikuwa na nafasi siku moja, nikapanda. Tulitoka mjini asubuhi, tukaacha mlima Kwaraa nyuma, tukapita Magugu bila kusimama hata kununua mchele, jambo ambalo kwa mtu wa Babati ni kama kupita kwa mkwe bila kubisha hodi. Huko porini ndipo nilipoona kazi yenyewe. Mwalimu mstaafu kutoka Uingereza, wa umri wa mama yangu, alipiga goti vumbini akazungushia futikamba bonge la kinyesi cha tembo, akasoma sentimita kwa sauti kama anaita mahudhurio. Mpwa wangu akaandika. Ukubwa wa bonge, nikaelezwa, unaonyesha umri wa tembo. Yule mama akasimama, akajipangusa magoti, akacheka kwa furaha ambayo sijaiona kwa mtu yeyote aliyelipwa.

Twiga ndiye aliyetumaliza. Madoa yake hayabadiliki tangu anazaliwa mpaka anakufa, hivyo ukimpiga picha kompyuta inamtambua, kama alama za vidole. Utafiti mkubwa wa twiga wa eneo hili, ulioanza mwaka 2011, unakwenda hivyo. Ila picha lazima iwe ya ubavu wa kulia. Tukamkuta mmoja, mnyama wa taifa mzima, amesimama akitafuna mgunga, katuonyesha kushoto. Dereva akazunguka. Twiga naye akazunguka. Dereva akarudi nyuma, twiga akatazama, akageuka taratibu akatupa mkia. Tulizunguka mti ule mpaka nikaanza kujiona mimi ndiye ninayehesabiwa. Watu wamelipa mamilioni, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi niliyepanda bure.

Sibezi elimu. Iain Douglas-Hamilton alifika Manyara, hapo jirani, katikati ya miaka ya 1960, akawajua tembo mmoja mmoja kwa masikio yao, lipi limechanika, lipi lina tundu. Bila watu kama hao tusingejua tembo wanapita wapi kati ya Manyara na Tarangire.

Lakini shangazi yangu wa Mdori alikuwa anajua. Wanapita kwake.

Anakesha juu ya dungu, shuka kichwani, debe mkononi. Anawajua kwa namna wanavyovunja: yupo anayekula mabua tu, yupo jike linaloanza na maboga. Akiwa hana bahati, asubuhi anaamkia kujaza fomu ya kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kiwango cha juu kuwa shilingi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5, na fomu zenyewe zina mwendo wao. Asasi ya Honeyguide imewafundisha wakulima wanaopakana na hifadhi dawa nzuri: unga wa pilipili na fataki ndani ya kondomu, ukiirusha inapasuka, tembo anapiga chafya na kuondoka. Inafanya kazi. Ila shangazi ni mzee wa kanisa, na duka la karibu ni la mwimbaji mwenzake wa kwaya. Amesema heri mahindi yaliwe.

Kwa hiyo nimeahidi elfu hamsini kwenye kundi la mpwa wangu, kuahidi hakuna risiti, halafu nikampigia shangazi simu. Nikamweleza kuna watu wanatoa fedha kwa kazi yake. Wapande dunguni, wakeshe, wapige debe, waandike tembo wangapi wamekuja na wamekula nini, na asubuhi tuwape uji na cheti chenye muhuri. Yeye alale.

Akanyamaza kidogo. Akauliza, tembo wasipokuja usiku huo, hela inarudishwa?

"Hairudi, shangazi."

"Basi waje. Ila debe waje nalo, langu limetoboka."

Cheti nimeshakipeleka kwa kijana wa steshenari pale stendi. Anataka kujua kwenye nembo tuweke tembo au tuweke hindi.