Haji Haji

Tangu bibi yao atoe amri kwamba wajukuu hawapelekwi Unguja wakiwa mabubu wa Kiswahili, Ijumaa yangu imekufa. Zamani nikitoka msikitini nakula wali wa nazi na mchuzi wa papa, najinyoosha chini ya kiyoyozi mpaka alasiri, na hapa Maskati nzima hakuna anayethubutu kunigongea mlango. Siku hizi nikimaliza kunawa mikono nakuta vijitu viwili vimeshakaa mkekani na madaftari, vinanisubiri. Mimi ndiye mwalimu. Mshahara sina, likizo sina, na kiyoyozi chenyewe kimeharibika, habari yake nitakuja kuisema.

Tulianza vizuri. Kusoma: anasoma, alisoma, soma! Kucheza: anacheza, alicheza, cheza! Watoto hawa wamesomeshwa kwa Kiarabu tangu chekechea, wamezoea kanuni. Ukiwapa moja wanaitembeza nyumba nzima. Yule wa kiume akatoka uani kumwita paka: "Ja! Ja!" Paka akageuza uso. Dada yake naye akatoka jikoni na sinia: "Babu, chai inaja."

Ikabidi nifungue mlango ambao mtu mwenye akili huuacha umefungwa. Nikawaeleza kwamba -ja ni kifupi mno, silabi moja tu, na Kiswahili hupenda kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa -na-, -me-, -li- na -ta- hazitaki kubebeshwa mkazo, kwa hiyo tunaiita -ku- izibebee: anakuja, amekuja, alikuja, atakuja. Wakaandika kwa rangi nne. Halafu, kwa uaminifu wa kazi, nikaongeza: lakini tunasema akija, akaja, huja, aje. Hapo -ku- haimo.

"Kwa nini -ki- inaweza kubeba na -li- haiwezi?" akauliza msichana.

Nikamtuma maji ya kunywa.

Kukanusha ndiko kulikovunja darasa. Anakuja, haji. Sasa Unguja akina Haji wamejaa kila mtaa, na bila shaka nao kuna siku hawatokei. "Haji haji," nikaandika ubaoni, na ubao wenyewe ni mlango wa friji. Wakacheka mpaka bibi yao akachungulia. Wakataka zaidi. "Haji hajaja." "Haji kenda Hija, hajaja." Nikadhani nimeshawapata, nikafanya haraka nikataja "hakuja", nikawaambia -ku- hii siyo ile ya mzigo, hii ni ya kukanusha, ile ya "hakusoma", zimefanana sura tu. Yule wa kiume akaweka kalamu chini akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

Na bado "njoo" ilikuwa inangoja zamu yake. Soma, cheza, kula, kunywa, zote zinaonyesha zilikozaliwa. Njoo haifanani na kuja hata kwa mbali. Wakiwa wengi, njooni.

Baba yao alikuwa amekaa pembeni na kikombe cha kahawa, anatabasamu. Yeye ni mtu wa Nizwa, mpole, Kiswahili chake kinaishia kwenye "mandazi" na "haraka haraka". Akaniambia kwa heshima zote, "Ami, Kiarabu kina mizani." Kweli kinayo. Na Waomani wanajivunia kwamba Khalil bin Ahmad al-Farahidi ni mtu wao, yule wa karne ya 8 aliyeasisi Kitab al-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu, maneno yamepangwa kwa mizizi yake. Nikamwambia: vizuri, baba, mwite mwanao.

"Taal!"

Nikamuuliza, kuja si "jaa"? Hiyo "taal" imetoka mzizi gani? Akafikiri. Kahawa ikapoa. Taal mzizi wake ni wa kuwa juu. Asili yake Mwarabu akikuita anakwambia panda. Ana amri yake halali ya "jaa", iko vitabuni, na hakuna anayemwita mtoto kwayo. Wala si sisi na wao tu. Waromania kuja kwao ni "a veni", lakini wakimwita mtu wanasema "vino", o imetokea mwishoni bila mwaliko. Inaelekea binadamu akishaita mwenzake hana subira ya sarufi.

Kwetu sisi kitenzi hiki kina ugomvi wa ziada. Watu wetu walitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi wakafika hapa baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Mpaka leo hatujakubaliana kama tulikuja au tulirudi. Marehemu mama yangu akisema "tulipokuja huku". Wajomba zangu wakimkata kauli: "tuliporudi." Mama anawauliza, mnarudi vipi mahali hamjapata kukanyaga? Nimeona harusi mbili tatu zikiingia ubaridi kwa jambo hili, na biriani ikiwa bado ya moto.

Sasa kiyoyozi. Ni Julai, joto limepita digrii 40, na fundi wangu anatoka Bara Hindi. Yeye amelimaliza tatizo la vitenzi moja kwa moja. Kiarabu chake ni kile cha gereji na vibandani, na kuja kwake kuna umbo moja: "yiji". Mimi yiji, wewe yiji, yeye yiji, jana yiji, kesho yiji. Nikimpigia: "Ana yiji bukra, baba." Bukra ikifika nampigia tena: "Ana yiji bukra." Hana -ku-, hana nafsi, hana wakati, na kama mnavyoona, hana haja ya kuja pia. Wajukuu walipomsikia kwenye simu wakaomba tusome hicho badala ya Kiswahili.

Nikawapa zoezi ili nipate kufumba macho: tungeni sentensi tano, kitenzi kuja. Msichana akaniletea daftari kabla sijapata usingizi. "Fundi atakuja. Fundi angekuja. Akija fundi tutalala. Fundi haji. Fundi hajaja." Hakuna kosa hata moja. Nikampa kumi juu ya kumi, nikaona na huzuni kidogo, maana hata mimi nisingezipanga vizuri zaidi.

Kengele ya lango ikalia. Yule wa kiume akakimbilia dirishani. "Babu! Fundi amekuja!" Na -ku- ameiweka mahali pake.

Nikainuka, nikachungulia. Gari mbili, shangazi zao wote kutoka Barka, na watoto, na sufuria. Bibi yao alishaanza kutandika mkeka mwingine.

"Si fundi," nikasema. "Tumejiwa."

Akalifuata daftari lake mbio. "Tume... jiwa? Babu, -ku- iko wapi?"