Namna ya Kupokea Majirani Arobaini Bila Kukosana

Una kiwanja kikubwa Dar es Salaam, na jirani yako anataka kubomoa nyumba yake apandishe ghorofa la familia kumi. Kabla hujaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na barua ya pingamizi, fuata hatua hizi.

Kwanza, ujue mipaka ya mji ilikotoka. Mwaka 1891 Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi: huku nyumba za Kizungu tu, kule nyumba yoyote. Mwaka 1924 Waingereza wakaendeleza kanda tatu, wenyeji wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kutenganisha watu. Kwa hiyo unaposema "mtaa wetu ni wa viwanja vikubwa," unalinda ukuta uliojengwa kumzuia babu yako.

Pili, nenda Manzese alfajiri, ukae uani kwenye nyumba ya Kiswahili. Vyumba sita, kila kimoja na familia yake, na ndoo zimepanga foleni mbele ya choo kimoja. Msongamano ndio huo, na hakuna ghorofa hata moja. Watu walishakuja mjini zamani. Ghorofa lililojengwa vizuri linawapa mlango wao na choo chao.

Tatu, uliza maswali yenye uzito. Acha ya kivuli kwenye bustani, uliza maji taka yanakwenda wapi. Mvua ikinyesha mtu akatapisha choo mferejini, anayekanyaga ni mtoto wako. Dai kibali cha ujenzi, dai mhandisi awepo zege linapomwagwa. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya mji, likaua watu 36. Hapo usimwonee mtu haya.

Nne, piga hesabu ya nauli. Familia inayokosa chumba karibu na kazi inahamia Chanika, pembezoni mwa mji, kisha kila siku inaamka usiku kugombea daladala. Mabasi ya mwendokasi yanapita Kimara hadi Kivukoni tangu 2016; kando ya njia kama hiyo ndipo watu wengi wanapostahili kuishi.

Tano, kiwanja chako nacho kifikirie: nawe unaweza kupandisha ghorofa na kuwauzia wengine sehemu zake. Sheria ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe.

Mwisho, siku wanapohamia, toka ukashike upande mmoja wa kabati. Mwanao naye atakua, atatafuta chumba mjini humuhumu.