Mwongozo wa Kuuzuia Mkono Usibonyeze "Ndiyo"

Umefungua duka Biashara Street, Mombasa, au ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Moi Avenue. Umenunua kompyuta, ukaandika anwani ya barua pepe na nywila, na kabla barua ya kwanza haijaingia, kisanduku kinachomoza: cheti cha usalama cha seva hakikuthibitishwa, je, uendelee? Papo hapo wajuzi wa barazani wanaamka. "Ami, bonyeza Ndiyo tu, ndivyo zilivyo hizi!" Fuata mwongozo huu, si baraza.

Hatua ya kwanza: toa mkono kwenye kipanya. Upe kikombe cha kahawa chungu ukishike. Katika Mji wa Kale mtu akibisha mlango, mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Jibu la "Mimi!" halimfungulii mtu. Cheti ni jibu la seva kwa swali hilo: jina lake, muda wa uhalali wake na aliyeidhamini. Onyo lina maana kwamba mojawapo ya majibu hayo halikuridhisha. Kisanduku hicho hukupa pia nafasi ya kutazama cheti chenyewe. Kitazame.

Hatua ya pili: angalia tarehe. Kompyuta ya mtumba huwa na betri ndogo ya duara, CR2032, inayoilindia saa ikiwa imezimwa. Betri ikifa, kompyuta hurudi nyuma miaka, na cheti halali cha leo hukiona hakijaanza kutumika. Weka tarehe sahihi, chagua saa za Nairobi, nunua betri mpya. Kuna watu wamebadilisha kompyuta nzima kwa kosa hili!

Hatua ya tatu: soma jina. Hapa ndipo wenye maduka wengi hukwama. Umejaza "mail" ikifuatwa na anwani ya tovuti yako, lakini barua zako zinakaa kwenye seva ya kampuni inayohudumia mamia ya wateja, na cheti kina jina la seva hiyo. Majina hayalingani, kompyuta inalalamika, na ina haki. Mpigie anayekuuzia huduma, umwombe jina kamili la seva, ulijaze kwenye sehemu ya barua zinazoingia na ya zinazotoka. Wengi hurekebisha moja, wakaisahau ya pili. Au mwambie atoe cheti chenye jina lako.

Hatua ya nne: angalia muda na mdhamini. Cheti kilichokwisha muda si kazi yako kukitengeneza, ni ya mwenye seva. Asikwambie ni ghali: shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti vya siku 90 bila malipo, na seva huweza kuvihuisha yenyewe. Ukikuta mdhamini ni programu yako ya kuzuia virusi, ndiyo inayopekua barua zako njiani. Rekebisha mpangilio wake. Ukikuta seva imejidhamini yenyewe, simama hapo hapo umuulize mwenye seva.

Hatua ya tano: shuku waifai. Onyo likitokea mkahawani tu, zima waifai hiyo utumie data ya simu. Likitoweka, tatizo lilikuwa kwenye mtandao ule. Usiusukumie nywila yako.

Hatua ya sita: mkimbie fundi anayesema "zima ulinzi". Barua zinazoingia kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa bado kwenye seva) hupita poti, yaani mlango wa seva, namba 993, zinazotoka hupita 465 au 587, na zote zinapaswa kufichwa kwa usimbaji. Akikuwekea 143 bila ulinzi wowote, onyo litanyamaza kweli, na nywila yako itasafiri uchi.

Tangu nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, ziguse pwani ya Mombasa mwaka 2009, ankara hutoka Kibokoni ikafika Dubai kabla kahawa haijapoa. Mwizi naye hupita njia hiyo hiyo. Akiipata nywila hapigi kelele: husoma barua zako kimya, husubiri ankara nono, kisha hubadilisha namba ya akaunti ya benki. Mteja hulipa, na mzigo wako hukwama bandarini.

Je, ulishabonyeza Ndiyo? Kwa kompyuta nyingine unayoiamini, badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, na ukague kama kuna amri inayopeleka nakala za barua zako kwa mtu usiyemjua. Kisha futa ruhusa uliyoipa seva ile. Na ankara yoyote inayokuja na akaunti mpya, mpigie mwenye ankara kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Kubonyeza "Hapana" hakugharimu senti. Ukishindwa kuelewa onyo, bonyeza hiyo, kisha piga simu.